Mwenye Boti Anatakiwa Kajiado

Kitengela,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Kwa Kiama wa Wanyoike,
boti inayoitwa Mstaafu,
stendi ya maboti, Mtwapa.

Kaka Kiama,

Natumaini hii barua inakupata ukiwa mzima. Sisi huku tuko. Goti la mama limepoa kidogo tangu nianze kumkanda na maji ya moto, lakini fimbo amekataa kata kata, anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka themanini na nne. Mvua hatujaona. Duka liko, nashona sweta za shule mpaka vidole vimeota sugu.

Najua utashangaa kuona barua, siku hizi nani anaandika. Nimekupigia simu mpaka yule msichana wa "mteja hapatikani" tumezoeana. Nikampigia rafiki yako Okoth mnayekaa naye botini, akaniambia umelala. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Kesho yake nikapiga jioni, akasema bado umelala. Basi nimeshika kalamu, na watu wa mabasi wamesema kifurushi cha Mtwapa kinafika. Karatasi haiwezi kuniambia umelala.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku ya bodi ya ardhi pale Kajiado. Ulijua, maana nilikwambia Julai, nikakwambia Agosti, na mara zote mbili ukasema sawa. Nitarudia, ili usiseme hukuelewa. Shamba ambalo mama anakaa, baba alinunua kwa Mzee Koinet mwaka wa tisini na moja kwa karatasi ya mkono, na kwa hiyo karatasi kuna majina mawili ya wanunuzi: baba, na wewe kifungua mimba. Baba hayuko. Taito, ile hati ya shamba, bado ni ya Koinet. Bodi inataka muuzaji na mnunuzi wasimame mbele yao na vitambulisho, ndio kipande chetu kikatwe kutoka kwa shamba lake. Vijana wake wameanza kugawana. Mzee akienda kabla hujasimama hapo, mama atakuwa anaishi kwa shamba la watu ambao hawamjui.

Mzee Koinet alikuja. Yeye na bintiye Namunyak walifika kabla ofisi ifunguliwe. Alikaa kwa benchi mpaka saa nane, akiangalia mlango. Bodi inakaa mara moja kwa mwezi. Inayofuata ni tarehe kumi Oktoba. Kuja, Kiama. Kuja na kitambulisho.

Mimi dadako,
Mugure

*

Kilifi,
30 Septemba 2024

Mugure, mwari wa maitu, binti wa mama yetu,

Nimefurahi sana kuona mwandiko wako, haujabadilika tangu shule. Msalimie mama, mwambie nimekonda lakini ni kukonda kwa afya. Okoth anakusalimia. Amefundisha mkono wangu kufunga fundo ambalo halifunguki lenyewe, na sasa mimi ndiye ninayerusha kamba tukiingia stendi.

Barua yako ilitukosa Mtwapa. Mlinzi wa pale akampa dereva wa boti nyingine, naye akaniletea hapa, ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Ndivyo watu wa maboti wanafanyiana. Simu yangu ilianguka majini, pole kwa usumbufu.

Mugure, ungeona Kilifi. Bahari imeingia ndani ya nchi kama mkono, na maji yake yametulia hata ukiweka kikombe mezani hakimwagiki. Unafunga boti, unapewa maji ya bomba, unachaji betri, jirani anakuuliza umetoka wapi na unaenda wapi. Kuna wengine hapa walifunga kamba wakati wa korona na hawajaondoka. Kila asubuhi wanapaka boti rangi na kusema kesho wanaenda Lamu. Nilikaa Magadi miaka thelathini na moja nikiangalia ziwa ambalo hata sufuria haielei, magadi tupu mpaka upande ule mwingine, na joto la kukaanga mtu. Nilijiambia nikistaafu nitakaa juu ya maji yanayosonga. Usininyime hiyo.

Juu ya mambo ya bodi, Oktoba itakuwa ngumu. Upepo wa kutupeleka juu Lamu ni wa sasa, ukiisha tumekwama. Nimeandika jina langu na sahihi kwa karatasi iliyo ndani ya hii barua. Wape. Nafikiri itatosha.

Kakako,
Kiama

*

Kitengela,
14 Oktoba 2024

Kiama,

Sisi wazima. Mama anakula. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Hizo ndizo salamu.

Ile karatasi yako niliipeleka. Karani akaishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama nadhani bodi ni ya kuchukua sahihi kwa posta. Watu wa benchi wakacheka. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mtu atasimama mwenyewe, aulizwe kama mipaka ya shamba ni ile waliyokubaliana, aseme ndio kwa mdomo wake. Hayo tu, ni kazi ya dakika tano.

Mzee Koinet alikuwa hapo tena. Mama siku hiyo nilikuwa nimekuja naye, akamsalimia kwa Kimaasai "takwenya", mama akaitika "iko", wakakaa pamoja kama siku zote. Halafu akaniuliza, "Yule wa Magadi yuko wapi?" Nikasema yuko safarini. Akarudi kuangalia mlango. Baada ya kitambo akauliza tena, maneno yale yale. Hakuuliza kuhusu taito, hakuuliza kuhusu vijana wake. Anakutaka wewe tu, sijui ana nini na wewe.

Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kusema. Jina langu haliko kwa hiyo karatasi. Nilikuwa nyumbani siku ile mnaandika, nikawapikia chai, na hakuna mtu alifikiria kuniandika. Sasa mimi ndiye nafunga duka, napanga foleni, nachekwa na benchi zima, kwa shamba ambalo si langu hata nyasi moja, ndio wewe ukae kwa stendi ya maboti ukijifunza mafundo. Nimechoka na wewe.

Tarehe kumi na nne Novemba. Okoth akiwa na simu, basi na wewe uko na simu.

Mugure

*

Lamu,
12 Novemba 2024

Mugure,

Pole. Sijui niseme nini tena ila pole. Nakuandikia mkono ukiwa na chumvi, usijali hizo alama.

Tulitaka kufika Faza kwa njia wanayoita Mkanda, mfereji mwembamba katikati ya mikoko ambao boti hupita maji yakijaa tu. Tulikosea saa. Maji yakaondoka, tukabaki tumekaa juu ya matope kama kuku aliyelalia mayai. Okoth alicheka mwanzo, baadaye akalala. Tulikaa masaa sita. Hakuna pa kwenda, hakuna wa kumwambia kitu, unaangalia matope na matope yanakuangalia. Maji yaliporudi tuligeuza, tukarudi Lamu. Ndio maana ukisoma hii Alhamisi itakuwa imepita.

Najua hiyo si sababu ya kukutosha. Usimwambie mama tulikwama.

Niambie, mama bado anachota maji ya mifugo kwa ile silanga, lile bwawa la kona? Na jiko lake, ni lile lile la mabati ama mlimjengea lingine, mahali pengine? Nauliza tu. Na Mzee Koinet, zaidi ya kuniulizia, hajasema kitu kingine?

Desemba tutarudi Kilifi na upepo wa kaskazini. Niandikie huko.

Kiama

*

Kitengela,
16 Desemba 2024

Kiama,

Barua yangu ya Novemba imerudi. Juu mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Boti ilishatoka." Nimeiweka ndani ya hii bila kuifungua. Iko na hasira zake na hii iko na zake, usome zote.

Mama yuko, lakini hajalala vizuri, na nitakwambia kwa nini.

Bodi ya Desemba imepita bila wewe. Mzee Koinet alikuja akikohoa, Namunyak amemshika mkono, na zile ngazi za ofisi alizipanda akipumzika mara tatu. Akauliza, "Yule wa Magadi?" Nikamwambia uko baharini. Akaniuliza bahari inaisha lini. Mzee mgonjwa anaamka alfajiri kila mwezi kwa sababu yetu, kaka.

Wiki moja kabla ya hapo, vijana wake walileta saveya, mpima mashamba. Ni kijana mwenye heshima, alivua kofia. Akavuta kamba yake kutoka barabarani, akatia kigingi mbele ya mlango wa jiko la mama na kingine nyuma yake, kisha akamwambia mama kwa heshima ya bibi, "Cucu, samahani, hili jiko liko ndani ya shamba la wenyewe." Mama alisimama na mwiko mkononi. Aliniuliza hicho kigingi ni cha nini. Nimemjibu mara nne na kila asubuhi ananiuliza tena, si kwamba amesahau, ni kwamba hakubali.

Nikatoa karatasi ya baba. Imeandikwa kutoka barabara mpaka jiwe la kona ni hatua mia moja na ishirini, silanga ibaki upande wa Koinet. Nikaenda nikahesabu kwa miguu yangu. Mia moja thelathini na mbili. Nikarudia, nikarudia tena. Jiwe liko mbele kwa hatua kumi na mbili, na hiyo silanga nzuri imekaa kwetu.

Sasa nikakumbuka barua yako ya Lamu. Uliniuliza kuhusu silanga. Uliniuliza kuhusu jiko. Uliniuliza hayo wiki tatu nzima kabla saveya hajakanyaga hapa. Kiama, unajua nini?

Usiniandikie habari za mikoko. Nijibu hilo moja.

Mugure

*

Kilifi,
27 Desemba 2024

Mugure,

Krismasi tulipika wali hapa na majirani wa stendi. Sikuonja. Mama mwambie nampenda.

Ni mimi nililihamisha jiwe.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, ule ukame. Mzee Koinet alikuwa ameenda na ng'ombe upande wa Loitokitok, boma lake limebaki na ndege tu. Nilikuja likizo nikamkuta mama akibeba mtungi kutoka mbali, na hiyo silanga iko hapo na maji kidogo, hakuna ng'ombe wa kuyanywa. Jumapili nyinyi mkiwa kanisani nikasema naumwa kichwa. Nikalikumbatia jiwe, nikatembea nalo hatua kumi na mbili, nikaliweka, nikasogeza waya. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na mshahara, na Biblia kwa sanduku.

Baba alipouliza, nikamwambia tumeongea na Koinet na amekubali tutumie maji. Nilifikiri imeishia hapo. Mvua iliporudi na mzee akarudi, baba alifunga kilo nne za sukari na majani ya chai, akavaa koti, akampelekea kumshukuru kwa ukarimu wake. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwa waya. Koinet alipokea sukari. Akaangalia jiwe, akaniangalia mimi, akamwambia baba asante. Hajawahi kusema neno kutoka siku hiyo. Miaka mitatu baadaye mama akajengewa jiko hapo hapo, na mimi ndiye nilituma mabati.

Sasa bodi itaniuliza mbele yake, mipaka ni ile mlikubaliana? Nikisema ndio, nimeapa uongo na mzee ananiangalia. Nikisema hapana, nimevunja jiko la mama na kumfanya baba mwizi ndani ya kaburi. Kwa hivyo nilipanda boti. Kila stendi nilijiambia nitageuza kwa stendi inayofuata. Simu haikuanguka majini, iko chini ya godoro.

Umeuliza, nimekujibu.

Kiama

*

Kitengela,
12 Januari 2025

Kiama,

Mama yuko. Mimi niko.

Nilisoma barua yako nikiwa dukani na mteja amesimama akingoja kupimwa. Nikamwambia aende arudi kesho. Miezi hii yote nilidhani wewe ni mvivu. Nilikutetea kwa watu, nikasema ni mzee anafurahia pensheni yake. Ungekuwa mvivu ningefurahi.

Alhamisi bodi iliketi, hukuwepo, na sikutarajia. Lakini sikukaa kimya. Nilimpeleka Mzee Koinet kando, mimi na yeye na Namunyak, nikamsomea barua yako yote, mpaka pale pa godoro. Nilikuwa nalia, nikidhani ataondoka aende kwa vijana wake. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari ya hali ya hewa. Nilipomaliza akasema alijua tangu siku ya sukari. Nikamuuliza basi kwa nini amekuwa akija Kajiado mwezi baada ya mwezi na kifua hicho. Akanijibu kwa ukali, alikasirika kweli, akagonga fimbo chini.

"Mimi sikuji kwa bodi. Nakuja kuona kama ataingia kwa mlango. Mwambie jiwe halina miguu. Yule alilibeba, alibebe."

Amewazuia vijana wake wasiguse jambo hili mpaka Februari. Baada ya hapo amesema hatapanda zile ngazi tena, na mimi nimemwona anavyozipanda, namwamini.

Sijamwambia mama kitu. Hiyo ni kazi yako. Sitakuandikia tena na simu yako sitachukua, hata ikitoka chini ya godoro. Bodi ni tarehe kumi na tatu Februari.

Mugure

*

Kwa mama, Kitengela,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mugure,

Mama anasema umepeleka yunifomu Loitokitok na utarudi kesho kutwa. Simu ulisema hutachukua, na mimi nimeamini. Nakuandikia nikiwa jikoni, kwa hiki kimeza chake, na nitaacha hii barua chini ya cherehani yako mahali hutakosa kuiona. Goti lake nimelikanda asubuhi. Amesema mkono wako ni mzuri kuliko wangu.

Boti nimemwachia Okoth Kilifi. Amesema atangoja, nikamwambia asingoje.

Nilifika Ijumaa. Nikamwambia mama yote kabla sijanywa chai. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama baba alijua. Nikasema hakujua. Akasema basi ni vizuri, kisha akatoka nje akakaa kwa jua na hakuniongelesha mpaka jioni. Afadhali angenipiga.

Jana Koinet alikuja na Namunyak na wale vijana wake wawili. Nilimsalimia "sopa", akaitika, akanionyesha jiwe na fimbo. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Mugure, lile jiwe nililibeba mara moja nikiwa na miaka thelathini na saba, bila kupumzika. Sasa nilipumzika mara nne. Mzee alitembea kando yangu akihesabu hatua kwa Kimaasai, akikohoa, na kila nikiliweka chini alisimama akanisubiri. Mama alikuwa mlangoni hapa. Nilipita mbele yake na jiwe tumboni, na singeweza kumwangalia. Ilipofika kumi na mbili mzee alisema hapo. Akainama mwenyewe, akang'oa nyasi konzi moja, akaziweka chini ya jiwe, vile walifanya na baba mwaka ule wa kuuziana shamba. Nikageuka nikaona jiko lote liko upande wake, mpaka bomba la moshi. Nikasema, mzee, nitalivunja mwenyewe Jumatatu.

Akakaa juu ya jiwe. Akanijibu polepole, na nimeyaweka kichwani ili nikuandikie vile alisema:

"Baba yako alinishukuru kwa kitu sikuwa nimepeana. Ile sukari nilikunywa. Kutoka siku hiyo nimetaka kupeana, na mtu hawezi kupeana kitu kimeshachukuliwa. Sasa kimerudi kwangu. Sasa napeana."

Akaonyesha kwa fimbo, kutoka hapo alipokaa mpaka kwa maji. Kijana wake mmoja alinung'unika, Namunyak akamwambia anyamaze. Kisha mzee akaomba chai na akataka sukari nyingi. Nililia, Mugure, mbele ya hao vijana, na sijali.

Namunyak alikuwa na kalamu, akauliza hizo hatua kumi na mbili aandike zimepewa nani. Nikasema mama. Mama akakataa. Alisema yeye na miaka themanini na nne aandikwe ya nini, aandikwe yule amekuwa akienda Kajiado kila mwezi. Koinet akasema ni kweli, huyo ndiye alikuwa akimwona kwa benchi. Kwa hivyo ni wewe. Na jina langu lililo kwa karatasi ya baba, nitawaambia bodi waweke lako kando yake. Lilifaa kuwa hapo tangu ile siku ulitupikia chai.

Vigingi vya saveya mama amevitia motoni. Ndivyo vinachemsha hii chai.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kajiado. Nitamshika mzee mkono kwa zile ngazi. Kitambulisho changu kiko mfukoni, nimekiangalia mara tatu tangu nianze kuandika. Wewe kuja na chako.

Kakako,
Kiama